Mama Mkwe, Magadi na Mtoto wa Jicho

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Msicheke. Mkataba wangu wa uafisa lishe katika hospitali moja ya Bungoma uliisha, sikuomba mwingine, na sasa nina mashine ya kusaga wimbi na mtama pale Kiminini. Kwa hivyo ninazo haki zote za mstaafu: kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, kukumbuka mambo ambayo hakuna aliyeniuliza, na kuwashauri vijana wanaopita.

Nyinyi mnaotoka chuoni kwenda kuripoti kazini mnapita hapa kununua unga na mnaniuliza swali lile lile: huko kliniki kuna nini ambacho hatukufundishwa? Nitawajibu, lakini msiniamini moja kwa moja. Mimi mwenyewe sikumwamini mtu. Chuoni nilimhoji mhadhiri mpaka akaanza kunipita kwenye maswali. Nyumbani nilimhoji mchungaji. Kitu pekee nilichosahau kukihoji ni mhadhara wangu mwenyewe, na huo ndio ulionipeleka pabaya.

Niliingia kazini na polifenoli kichwani. Mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa juu ya wimbi, na nilipata alama nzuri, jambo ambalo humharibu kijana. Polifenoli ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa shughuli zake, kujikinga na wadudu, na jua, na ukungu. Hautufikirii sisi hata kidogo. Ndizo zinazochangia uchungu wa mboga, zinazofanya chai ya rangi ikaushe ulimi, pera bichi likunje mdomo, mtama uwe mwekundu na ganda la haragwe liwe na rangi. Zimo kwenye kahawa, kwenye vitunguu, kwenye karanga na ngozi yake. Na watu wanaokula vyakula vya namna hii kwa wingi huonekana kuwa na mioyo yenye afya kuliko wengine.

Shikeni hilo neno, huonekana. Anayekula mboga na wimbi kila siku huenda pia ndiye anayetembea kwenda shambani, asiyevuta sigara, asiyekula chipsi kila jioni. Ni polifenoli zilizoufaa moyo wake, au ni miguu? Kuzitenganisha ni kazi ngumu, na wataalamu wenyewe bado wanavutana. Lakini mimi nilipokuwa mgeni kwenye kliniki ya presha sikusema hayo. Nilisimama mbele ya mabenchi nikiwa na koti jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, nikasema polifenoli hulinda moyo. Mzee mmoja akainua mkono akauliza hizo poli zinauzwa wapi. Nikamwambia haziuzwi, ziko shambani kwake. Aliketi amevunjika moyo kabisa. Tangu siku hiyo nikaitwa Daktari Poli, ingawa mimi si daktari, na jina likakataa kutoka.

Mhadhara ni kama kuku aliyefunguliwa, hujui atalala wapi. Siku moja nilikwenda Kitale kumwona mama yangu, nikapitia sokoni. Jamaa mmoja alikuwa amepanga vikopo juu ya gunia, kipaza sauti begani, anatangaza poli ya moyo, inafungua mishipa, inashusha presha, inamaliza sukari. Nikafungua kikopo nikanusa. Yalikuwa majani ya mpera yaliyosagwa. Nikamuuliza amepima wapi kwamba yanafungua mishipa. Akaniangalia vizuri, kisha akatabasamu kama aliyekutana na ndugu waliyepoteana.

"Si ni wewe Daktari Poli wa Bungoma? Nilileta shangazi yangu huko kliniki. Wewe ndio ulisema."

"Mimi nilisema watu wale mapera."

"Ata mimi nasema hivyo tu, bana. Lakini kwa kikopo."

Kuanzia hapo nilianza kila mhadhara kwa yale ambayo chakula hakifanyi. Nawapa hilo bure: kabla hujamsifia mgonjwa mboga, mwambie kwamba mboga haichukui nafasi ya tembe zake. Ukishamsifia kwanza, hiyo sehemu ya pili haisikii.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Sista Chebet, muuguzi mkuu wa ile kliniki. Alikuwa mtu wa Kapsokwony, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilimfanya kila mtu anyamaze ili amsikie. Mimi nilikuwa na fomu nzuri ya kuuliza mgonjwa anakula nini. Yeye hakuigusa. Alimuuliza mgonjwa jana jioni nani alipika, na alianza na nini. Niliona ni umbea. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya chuo. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kipimo cha presha kwamba mimi nauliza juu ya sahani, na sahani haijawahi kupika. Nilikubali kwa adabu na nikaendelea na fomu yangu.

Sasa nije kwa Mama Trufena, kwa sababu yeye ndiye somo lenyewe.

Mama Trufena alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Kimilili. Alikuja kliniki ameshika bega la binti yake Nasimiyu, mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alisema kwake watu wote wamekuwa moshi wenye sauti. Alitaka upasuaji kwa sababu moja, na hakuificha. Watu aliowaajiri kuchuma kahawa walikuwa wanachuma mbichi na mbivu pamoja ili wajaze ndoo haraka, na yeye alikuwa anasimama hapo hapo, haoni kijani wala nyekundu. Kahawa yake ilikuwa ikikataliwa kwenye kiwanda cha ushirika. Aliudhika kwa jambo hilo kuliko kwa giza lenyewe.

Hospitali za kulipia zilikuwa nje ya uwezo wao. Lakini kulikuwa na timu ya madaktari wa macho iliyokuja Bungoma mara chache kwa mwaka, na alikuwa ameandikishwa. Mara ya kwanza alifika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, wakampima presha, wakamrudisha. Ilikuwa juu mno kwa kisu. Mara ya pili ikawa vile vile. Timu ilipotangaza kurudi kwa mara ya tatu, ilisema pia kwamba haijui kama itakuja tena mwaka unaofuata. Kwa hiyo ilikuwa hivi: ama presha ishuke kabla ya siku hiyo, ama Mama Trufena abaki na moshi wake.

Na haikushuka. Nilimwambia apunguze chumvi, akaacha kabisa. Nilimwambia ale mboga za kienyeji, akala mrenda na kunde na managu mpaka akanilalamikia kwamba anakaribia kutoa majani kichwani. Nikaanza kushuku kama mpelelezi, nikaamua hamezi dawa. Nikamvuta Nasimiyu kando nikamuuliza. Aliniangalia vile walimu huangalia mtoto aliyekojoa darasani. Akasema dawa anampa mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na humtazama mpaka ameze.

"Wewe huaminingi mtu?"

"Ni sehemu ya kazi."

"Basi kuja uone na macho yako."

Nikaenda Kimilili kuona dawa. Nilionyeshwa dawa sebuleni, zilikuwa sawa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na hakuna aliyenizuia kuingia, lakini siku hiyo macho yangu hayakuwa na habari na jikoni. Nilirudi tena wiki iliyofuata kuhakikisha, maana uchunguzi mmoja hautoshi, na nikarudi tena. Kufikia mwisho wa mwaka wazee wa pande mbili walikuwa wamekaa, ng'ombe wametoka, na Nasimiyu akawa mke wangu. Hivyo ndivyo nilivyopata mke na kupoteza mgonjwa kwa siku moja.

Kwa wasiotoka upande wetu, nieleze. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawaketi chumba kimoja kizembe, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Na jikoni mwa mama mkwe ni mahali ambapo hutii mguu, hata paa likiwaka moto utaita watu ukiwa nje. Mimi niliyehoji kila kitu nililihoji na hili. Nilimuuliza baba yangu faida yake ni nini. Akaniambia faida yake ni kwamba yeye na nyanya yangu mzaa mama hawakuwahi kugombana.

Lakini fikirieni hali yenyewe. Afisa lishe wa kliniki ni mmoja tu, na mgonjwa ni mama mkwe wake. Tangu harusi Mama Trufena hakukaa tena mbele ya meza yangu. Alikaa nyuma ya pazia la kukunja, lile la kupimia uzito, Nasimiyu akasimama katikati, na mazungumzo yakapita kwake kama barua.

"Mwambie daktari mguu umevimba kidogo," Mama Trufena angesema, kwa sauti inayofika mpaka duka la dawa.

"Mguu umevimba kidogo," Nasimiyu angeniambia, ameniangalia bila kucheka.

"Muulize Mama ni mmoja au yote miwili."

"Mwambie kama ingekuwa yote ningesema miguu."

Mabenchi yalifurahia sana siku zetu. Kuna wagonjwa waliobadilisha tarehe zao ili ziangukie pamoja na yake.

Jumapili moja, mwezi ule ule timu ya macho ilikuwa inakuja, nilialikwa Kimilili pamoja na mke wangu na kaka yangu mkubwa. Mkwe akialikwa hula sebuleni na watu wake, mama mwenye nyumba hubaki jikoni. Tukanawa, tukaomba, mifuniko ikaondolewa. Mrenda ulikuwa wa kijani. Namaanisha kijani cha koti la mvua. Mboga ikichemka kwa muda hupoteza ule ung'avu, hugeuka rangi ya kaki, na huu mrenda ulikuwa laini kiasi cha kumezwa bila meno, maana yake ulikuwa umechemka sana. Pembeni kulikuwa na maharagwe mekundu yaliyoiva mpaka maganda yamefunguka, na mchuzi wake umekuwa mweusi wa kahawia, kama mafuta ya gari yaliyotumika.

Nilijua kabla tonge la kwanza halijafika mdomoni. Magadi.

Mnayajua magadi. Mama yangu kule Kitale anayo kwenye mkebe karibu na jiko, na nimekula mboga zake tangu nikinyonya. Hulainisha mrenda, huivisha maharagwe haraka, huokoa makaa. Kwa akili zetu magadi yako upande mmoja na kuni, ni kitu cha kusaidia kupika. Chumvi iko upande mwingine, ni kitu cha ladha. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa huku aache chumvi, ataacha ile ya pakiti kwa moyo wake wote, na magadi hayatamjia akilini hata kwenye ndoto. Yatamjiaje, wakati hayakunijia mimi mwenye shahada? Na kibaya zaidi, chakula kisicho na chumvi huwa kimepooza, basi mkono wa mpishi huongeza magadi kidogo kidogo bila kufikiri.

Magadi yana sodiamu, ile ile inayotufanya tuiogope chumvi. Wapo wataalamu wanaobishana kama sodiamu ya magadi humpandisha mtu presha sawasawa na ya chumvi. Wabishane. Mimi nilikuwa na mtu mmoja na tarehe moja, sikuwa na nafasi ya kungoja wamalize. Juu ya hayo, magadi huharibu sehemu ya vitamini na sehemu ya hizo polifenoli nilizokuwa nikizihubiri. Nilikuwa nimewatuma watu shambani kuzichuma, na tulikuwa tunaziua sufuriani.

Na bado nilikula. Nikaongeza. Mkwe anayeacha chakula kwenye sahani huzungumziwa mpaka wajukuu wakue. Kuna bwana mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kusema ugali wa ukweni ulikuwa mdogo. Amefariki zamani na bado anatajwa kwa hilo.

Tulipokuwa tunarudi nilimweleza Nasimiyu. Alielewa sayansi mara moja, akaniuliza swali la maana zaidi: utamwambia aje? Kusema chakula cha mama mkwe kina kasoro ni tusi. Nikamwomba aseme yeye, kama maneno yake. Akasema, na mama yake akatambua maneno hayo ni yangu hata kabla hajamaliza. Jibu lililoletwa lilikuwa fupi. Chumvi aliacha. Kama daktari anaona kuna chumvi kwa jikoni yake, aingie atafute.

Alijua siwezi kuingia.

Nikamkimbilia Sista Chebet. Nikamwomba aende Kimilili, yeye si mkwe, aingie jikoni aongee naye kama mwanamke kwa mwanamke. Akakataa. Alisema akitokea huko kutafuta mkebe, Mama Trufena atajua nani amemtuma, na badala ya kosa moja nitakuwa na mawili. Halafu akaniuliza kwa nini nang'ang'ania jiko la mtu mmoja wakati mabenchi yote pale nje yamejaa watu wanaopika vile vile. Alisema hivyo akaendelea na kazi. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa na mama mkwe mmoja kichwani, na kliniki nzima ilikuwa inakula magadi mbele yangu.

Siku ya kliniki iliyofuata nilibeba jiko zima nikalileta hospitalini. Majiko mawili ya makaa, sufuria mbili, mrenda kutoka fungu moja, maharagwe mekundu ya gunia moja. Nikayaweka uani mbele ya mabenchi, nikavaa aproni ya mke wangu juu ya koti jeupe. Mwanamume anayepika hadharani ni sinema tayari. Mwanamume anayepika huku mama mkwe wake yuko nyuma ya pazia hatua chache kutoka hapo, hiyo ni sinema ya kulipia. Mama mmoja wa Kimilili alicheka mpaka Sista Chebet akakataa kumpima presha, akamwambia akae kwanza atulie.

Niliuliza nani hapa ameacha chumvi. Mikono ikainuka karibu yote, kwa fahari. Nikainua bonge la magadi nikauliza ni nini. Wakasema magadi. Nikauliza kama ni chumvi. Wakacheka tena. Mzee yule yule wa poli zinauzwa wapi akanionea huruma.

"Daktari, magadi ni ya kulainisha. Chumvi ni ya utamu. Si hiyo ata mtoto anajua."

Nikamwambia asiniamini, alambe. Akalamba, akakunja uso, akabaki akitafakari ulimi wake. Nikawapitishia wengine chembe ndogo ndogo. Vicheko vikapungua.

Kisha nikafanya jambo ambalo nawasihi mlifanye popote mtakapotumwa, kwa sababu halihitaji maabara. Nilichukua maji ya rangi ya maharagwe mekundu, nikayagawa kwenye glasi mbili. Moja nikakamulia ndimu, maji yakang'aa mekundu kama juisi. Nyingine nikatia chembe ya magadi, yakageuka meusi papo hapo mbele ya macho yao. Nikawaambia rangi hiyo iliyobadilika ndiyo polifenoli. Miaka yote nimekuwa nikiwatajia, leo mmeiona, na mmeona inavyofanywa na magadi. Sikusema glasi nyekundu inatibu moyo. Nilisema tu tumekuwa tukitupa kitu kizuri na kuongeza kitu kibaya kwa mkono mmoja.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nasimiyu. Muulize huyo mtu amejua haya lini."

Nasimiyu hakuuliza. Alikunja mikono akaangalia makaa. Nilimngoja, mabenchi yalimngoja. Basi Mama Trufena akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi. Akanisemesha moja kwa moja.

"Ulikula kwangu Jumapili ukijua?"

"Nilikula, Mama."

"Na ukaongeza."

"Niliongeza. Kilikuwa kitamu."

Yule mama aliyekuwa amecheka sana alikuwa ameshika kitambaa mdomoni.

"Kwa hivyo wewe uliogopa mdomo wangu kuliko macho yangu."

Nilisimama pale na aproni ya maua nikikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Mama Trufena akarudi kwenye njia ya kawaida. Alimwambia Nasimiyu amletee ile mboga isiyo na magadi. Ikapitishwa nyuma ya pazia. Tukasikia kijiko.

"Mwambie daktari mrenda wake unavutika kama kamasi ya mtoto."

Kliniki ikalipuka. Nilishukuru Mungu kwa kamasi ile. Kwa sababu akikutukania chakula, maana yake mazungumzo yameendelea, na kweli yaliendelea. Akaagiza niambiwe majani yangu yalikuwa makomavu, nilipaswa kuchuma machanga ya juu. Mwingine akasema mrenda uchanganywe na kunde, usiwe peke yake. Mwingine akataka kitunguu kingi na nyanya. Mwingine karanga za kusaga, bila chumvi. Kuhusu maharagwe tulikubaliana kuyaloweka usiku kucha ili yaive bila magadi. Maji ya kulowekea huondoka na rangi kidogo, yaani na polifenoli kidogo, lakini mtu hawezi kupigania kila kitu siku moja.

Mzee akauliza je, turudie munyu, ule wa majivu ya maganda ya maharagwe waliotumia mama zetu? Hapo muwe waangalifu. Munyu wa majivu una potasiamu nyingi, na kuna tembe za presha na kuna figo zilizochoka ambazo hazielewani na potasiamu. Nilimwambia sijui hali ya figo zake, apimwe kwanza. Hakupenda jibu. Jibu la sijui halipendwi na mtu, lakini mtalitumia kuliko yote.

Wiki zile zilizobaki Nasimiyu aliniletea taarifa kutoka Kimilili. Mkebe wa magadi ulikuwa umehamishiwa kwa jirani. Uji wa wimbi asubuhi, bila magadi na bila siagi ya kupaka mkate, maana nayo ina chumvi. Mama Trufena alilalamika kwamba kahawa yake mwenyewe, ambayo alikuwa ameilima maisha yake yote akinywa chai ya maziwa, ni chungu kama adhabu, lakini alionja. Na daktari wa kliniki, naomba mlisikie hili, alimbadilishia moja ya tembe zake wiki hizo hizo.

Kwa hiyo presha iliposhuka, ni nini kiliishusha? Magadi yaliyoondoka? Tembe mpya? Kutembea kwake shambani akiongozwa na mjukuu kwa sababu alikuwa na hasira na hakutaka kukaa? Polifenoli za maharagwe zilizosalimika? Watu wa Kimilili walishasema ni Daktari Poli. Mimi ninawaambia sijui, na kijana yeyote atakayewaambia anajua kutokana na mgonjwa mmoja, mkague mifuko yenu kabla hajaondoka. Ningefurahi kusema ni chakula. Furaha yangu si kipimo.

Siku ya upasuaji sikusogea karibu. Nilikaa kwenye ngazi za nje, nikikumbuka mara mbili alizorudishwa kutoka mlango ule ule. Nasimiyu akatoka peke yake. Uso wake haukuniambia kitu. Akakaa kando yangu kwenye ngazi.

"Wamempima," akasema. "Wakapima tena. Wameingia naye."

Kesho yake nilitumwa kupeleka chupa ya uji. Nilipanga kuiacha mlangoni mwa wodi niondoke, kama inavyotakiwa. Lakini muuguzi alikuwa ameanza kufungua bendeji, na miguu yangu ikakataa. Mama Trufena alikuwa amekaa kitandani, Nasimiyu kando yake. Bendeji ikatoka. Akafumba, akafumbua. Akatazama mikono yake kwanza, akaigeuza. Akatazama shuka, akatazama dirisha, na mama wa kitanda cha pili akamsalimu kwa jina lake kana kwamba wanaonana mara ya kwanza, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kisha akageuza uso mlangoni.

Nilipaswa kurudi nyuma. Naye alipaswa kutazama chini. Hakuna aliyefanya lake. Alinikagua kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anayechagua kahawa, akasimama kwenye mashavu yangu yaliyobonyea. Ndipo akajifunika leso mpaka kwenye paji la uso, akamgeukia binti yake.

"Huyu ndiye anafundishanga watu kula?"

"Ndiye, Mama."

"Na wewe humpikii?"